TUSOME MBELE YA KUPULIZA



Likizo kubwa inakaribia. Wengi wetu watatafuta kazi kusudi wapate feza ya minervali, na kazi moja isiyokosa ni kubeba pompi mgongoni na kupuliza dawa katika mashamba ya tomati, kabichi au kahawa. Hatukatai kazi. Mtoto anayesaidia wazazi wake ni baraka ya nyumba. Lakini tunasema wazi: mwanafunzi asishike pompi kama hajasoma maandishi ya chupa, na chupa isiyo na maandishi asiiguse kabisa.

Jina lenyewe linatudanganya. Tunaiita "dawa", sawa na kinini ya malaria. Kumbe ni sumu. Dawa nyingi za wadudu zinaharibu kazi ya mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo mtu anayo kama mdudu. Mpulizaji anaanza kuumwa kichwa, jasho na mate vinamtoka, macho yanaona ukungu, tumbo linasokota, mikono inatetemeka. Nyumbani wanasema: ni malaria. Wengine wanasema: amelogwa. Hawafikiri pompi, sababu hakunywa kitu. Lakini sumu hii haingoji kunywewa. Inapita katika ngozi na katika pumzi.

Hiyo ni sumu ya mbio. Iko na nyingine ya polepole. Mwaka 1939 Paul Müller, mtu wa Uswisi, aligundua kama DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 alipewa zawadi ya Nobel. DDT iliponya watu wengi na malaria. Hatutaki kusahau hilo. Lakini haiozi upesi. Inakaa katika udongo miaka mingi, inaingia katika samaki, inajificha katika mafuta ya mwili wa mtu, na mama anampa mtoto wake katika maziwa bila kujua. Mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia waliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Mbele ya hapo, mwaka 2001, mataifa yalikuwa yamefanya mapatano kule Stockholm juu ya sumu 12 za namna hii. DDT iliachiwa kazi moja tu: kupigana na wadudu wanaoleta magonjwa, kama mbu wa malaria.

Mtu atauliza: mambo ya Stockholm yanatuhusu nini sisi wa Mahagi? Basi tutazame jirani. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilipuliza DDT katika nyumba za Apac na Oyam juu ya malaria. Wakulima wa pamba isiyotiwa dawa waliogopa kupoteza wanunuzi, mambo yakafika mahakamani, na kazi ikasimamishwa. Tena mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria, sababu ilisikika kama wavuvi wengine wanamwaga sumu majini kusudi wapate samaki upesi. Waliovua kwa nyavu, nao walikosa soko. Na sisi je? Mvua inaosha mashamba yetu ya mlimani, vijito vinashuka mpaka Ziwa Albert, halafu samaki wanatoka Mahagi-Port na kurudi katika sahani zetu.

Lakini shida ya karibu zaidi ni ile chupa. Dawa zinazopita Goli zinakuja na maandishi ya Kiingereza. Sokoni mchuuzi anafungua bidoni na kugawanya katika vichupa vya soda, maana mkulima hana feza ya lita nzima. Karatasi inabaki na bidoni. Mkulima anapata sumu, lakini hapati jina lake, wala kipimo, wala hesabu ya siku za kungoja mbele ya kuvuna. Na bidoni ikiisha, inaoshwa na kuchotewa maji ya kunywa! Harufu imetoka, sumu imebaki.

Hapa ndipo kazi yetu iko. Wazazi wetu wanakosa mikono shambani kusudi sisi tukae darasani. Kama kusoma kwetu kunaishia katika mitihani, tumewapa faida gani? Tusome chupa kwa niaba yao. Tutazame mstari wa rangi chini ya karatasi: nyekundu ni sumu kali kabisa, manjano inafuata, halafu buluu, na rangi ya majani ni ndogo, lakini hata hiyo si ya kuchezea. Tuvae mikono mirefu na viatu, tusipulize kinyume na upepo, tunawe kwa sabuni mbele ya kula. Chupa tupu itobolewe, isirudi jikoni. Na dawa ya shambani isitiwe katika maharagi ya kula.

Tunajua mwenye shamba atasema: "Wewe ukikataa, nitaita mwingine." Ni kweli, na minervali haingoji. Lakini huyo mwingine ni nani? Mara nyingi ni mwenzetu wa darasa lingine. Tukiuliza sote neno moja, "Baba, karatasi iko wapi?", hatamkuta huyo mwingine.

Ninyi walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: mbele ya likizo, mtupe saa moja tu. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiingereza wasimame pamoja, waweke chupa moja tupu mezani, iliyofungwa vizuri, tuisome mstari kwa mstari. Feza ya minervali inaweza kupatikana tena mwaka kesho. Mishipa iliyoharibika hatuinunui sokoni.

Sisi wanafunzi wa kundi la gazeti