Krismasi ya Ulaya mnayoona kwa simu haiko tarehe 25

Kila mwaka Novemba ikifika, simu zetu zinajaa taa. Mtu amevaa koti refu na kofia ya sufi, ameshika kikombe kinachotoa moshi, nyuma yake kuna jumba kama la hadithi, na chini kumeandikwa "Krismasi Vienna". Halafu inboksi yangu inaanza kuwaka. Hiyo safari ni pesa ngapi? Viza inachukua muda gani? Naweza kwenda tarehe 22 nirudi tarehe 28?

Nijibu hapa mara moja, na najua kuna watu wa kazi yetu hii hawatafurahi. Nenda Vienna Desemba kama mfuko unaruhusu. Ni mji mtamu sana wakati huo. Lakini usiende Krismasi.

Hizo video zikiwekwa tarehe 25, nyingi zimepigwa wiki tatu kabla. Masoko ya Krismasi ya Vienna yanafunguliwa katikati ya Novemba. Lile kubwa liko Rathausplatz, mbele ya jumba la serikali ya jiji, na ukienda jioni ya wikendi utasukumwa kama uko Gikomba, tofauti ni kwamba hapa kila mtu amevaa glavu. Lingine liko Schönbrunn, mbele ya kasri ya manjano ya wale wafalme wa Habsburg. Mimi napenda la Spittelberg, kwa sababu limejipenyeza ndani ya vichochoro, halina mashindano. Unakula njugu kubwa za kuchoma wanazoita Maroni, unakunywa divai ya moto yenye mdalasini. Kikombe unakilipia dipoziti, ukikirudisha unarudishiwa pesa yako, vile tu tulivyokuwa tukifanya na chupa za soda dukani. Wengi hawakirudishi, wanabeba kama ukumbusho. Haya mambo si ya juzi, jiji hilo limekuwa na soko la Desemba tangu karne ya 13.

Na giza linaingia saa kumi jioni. Hiyo unaweza kuiona ni kasoro mpaka uone zile taa, ndipo utaelewa kwa nini watu wa huko walizihitaji.

Sasa tuje tarehe 24. Waaustria husherehekea jioni hiyo. Zawadi hazingoji asubuhi ya 25, na huko hata si Santa anayezileta, watoto wanaambiwa ni Christkind, Mtoto Yesu. Kwa hivyo ikifika saa nane mchana, maduka yanafunga. Supermaketi zinafunga. Masoko mengine yashamalizika tarehe 23, na yale yanayobaki yanafunga mapema siku hiyo. Tarehe 25 ni sikukuu, tarehe 26 ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, na maduka hayafunguliwi. Mwaka ambao tarehe 27 ni Jumapili, ongeza siku nyingine, maana Jumapili pia maduka yao hufungwa.

Mimi nimekuwa huko siku hizo. Tramu zinapita zikiwa na mtu mmoja au wawili. Ukitazama juu unaona madirisha yana mwanga, na nyuma ya kila dirisha kuna familia mezani. Chakula nilipata kwenye duka la stesheni ya treni, na kwenye foleni tulikuwa wageni watupu: Wahindi, Wanaijeria, vijana wawili wa Amerika Kusini, na mimi na sandwichi yangu. Usiku nikampigia shosho simu ya video. Hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza, "Umekula na nani?"

Hakuna aliyekosea hapo. Mji haujamnyima mtu chochote. Fikiria tu mzungu aliyekuja kuona Krismasi ya Kenya, akaamua kukaa katikati ya jiji la Nairobi. Atashangaa watu wameenda wapi. Tumepanda matatu za nauli mara mbili, tumefika ushago, mbuzi ameshachinjwa. Krismasi yetu ipo, ila haiko barabarani. Yao vilevile.

Ndiyo maana naona ni vibaya kuwauzia watu wiki ya tarehe 25 kana kwamba ndiyo kilele. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90, zaidi ya shilingi 12,000, na ukinyimwa viza hairudi. Lazima uwe na bima ya angalau yuro 30,000, karatasi za benki, na mahali pa kulala palipothibitishwa. Maombi wanapokea kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, ingawa anayengoja hadi hapo anajitafutia presha. Tiketi za wiki ya Krismasi zinapanda kwa sababu kila mtu wa diaspora anarudi nyumbani. Mtu anakopa kwa chama kulipa hayo yote, halafu siku yenyewe anakutana na mlango uliofungwa. Na aliyempa ushawishi huo ameshalipwa na ajenti.

Mtaniambia si kila mtu ana ushago wa kukimbilia. Kweli. Kuna ambao Krismasi nyumbani ni kesi ya shamba na maswali ya "utaoa lini". Kuna ambaye amefiwa na hawezi kukaa kwenye boma hilo mwaka huu. Huyo akitaka mji mkimya, Vienna tarehe 25 ni pazuri kweli: atembee kando ya mto, aingie misa ya usiku wa manane kwenye kanisa kuu la Stephansdom hata kama haelewi Kijerumani. Na kama una binamu au rafiki anayeishi huko, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu una meza ya kukaa.

Kwa wengine, nendeni wiki ya kwanza ya Desemba. Utakuta masoko yote wazi, na tarehe 5 sehemu nyingi za Austria watu hujivika ngozi na pembe wakawa Krampus, jitu la kutisha watoto watukutu, kabla Mtakatifu Nikolasi hajafika tarehe 6 na peremende. Kisha unarudi na zawadi zako kabla matatu za ushago hazijapandisha nauli. Ukipitia Addis na una siku mbili, kaa. Wahabeshi Krismasi yao ni Januari 7 na sisi hatuhitaji viza, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Na wewe ambaye umeshakata tiketi ya tarehe 23, nunua mkate, mayai na maziwa asubuhi ya 24, kabla ya saa nane.