Ngama Haikodishwi

Upo usemi uliozoeleka siku hizi, kwamba Nungwi ilikuwa imelala hata watalii walipokuja kuiamsha. Usemi huo ni wa mtu asiyepata kuamka alfajiri akawaona wavuvi wakirejea. Kijiji hicho cha ncha ya kaskazini ya Unguja kilijua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kabla ya kitanda cha kwanza cha hoteli kutandikwa.

Mgeni anayezuru Nungwi huambiwa asifu mchanga. Haambiwi kwa nini hoteli zimesongamana pale. Mashariki ya kisiwa maji hupwa yakaenda mbali, muogaji akabaki na mwani na mawe; Nungwi hayaendi mbali, na mtu huogelea saa yoyote. Maji hayo ya karibu ndiyo yanayomfaa pia fundi wa majahazi anaposhusha chombo. Basi ugomvi huu si wa bahati mbaya: wawili wanautaka ufuo mmoja.

Hapana anayekana kwamba utalii, tangu miaka ya 1990, umeleta riziki. Lakini riziki mpya haina haki ya kuifukuza ile iliyoitangulia. Ufuo ukizungushiwa ua, ngalawa itaegeshwa wapi? Na fundi asipochonga, mtoto atayajulia wapi mataruma, mkuku na foromali? Kamusi huliweka neno, kulitumia haiwezi.

Wapo wanaojibu kuwa jahazi halitapotea, kwani ndilo linalowachukua wageni kutazama jua likichwa. Vyema. Na hilo la wageni nalo litaundwa wapi, ukumbini mwa hoteli?

Mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege, hoteli zilifunga milango. Bahari haikufunga wake. Aliyekuwa na ngalawa alikuwa na pa kuanzia; aliyekuwa na sare ya kazi tu alibaki nayo mkononi.

Basi wenye mamlaka ya kugawa ardhi ya pwani na waandike, kwa mipaka iliyo wazi, pahala pa kuegesha ngalawa na pahala pa kuundia majahazi, kabla hawajatia saini mkataba mwingine. Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Atarejea wapi, ikiwa ngama nayo imekwisha kodishwa?