Pampu ya dawa ni somo la darasani

Muuguzi anayemtia mgonjwa maji mshipani bila mashine hana budi kuhesabu matone huku akitazama saa. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Mgonjwa akigeuza mkono, mwendo wa matone hubadilika, na huenda wakati huo muuguzi yuko kitanda cha kumi.

Kosa hilo si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu watoto zaidi ya 3,000 mahututi nchini Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakuharakishiwa.

Ndiyo maana pampu ndogo ya kutilia dawa ni chombo cha thamani. Ajabu ni kwamba siri yake imo katika fizikia ya shule za upili. Mota ya betri huzungusha giya. Giya hupunguza kasi na kuzungusha skrubu. Skrubu nayo husukuma bomba la sindano. Tuseme kila mzunguko husogeza milimita moja, na eneo la mkato wa ndani wa bomba ni sentimita mraba 3. Kila mzunguko utatoa mililita 0.3. Daktari akiagiza mililita 3 kwa saa, skrubu itazunguka mara 10 tu, yaani mara moja kila dakika 6.

Mwanafunzi wa Kangeta anaiweza hesabu hiyo. Wazazi wake hupeleka miraa sokoni ingali mbichi, kwa hivyo thamani ya saa anaijua tangu utotoni. Lakini darasani skrubu humfikia kama mchoro wa kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Matokeo yake ni kwamba jino moja la giya likivunjika, mashine nzima husukumwa ghalani kungoja fundi wa mbali.

Hatusemi wanafunzi wafungue pampu zinazotumiwa na wagonjwa. La hasha! Kazi hiyo ni ya mafundi waliohitimu. Tunaloomba ni kwamba hospitali zitoe mashine zilizokwisha kazi, zisafishwe vyema, kisha zipelekwe katika shule na vyuo vya ufundi. Walimu nao wathubutu kuzifungua mbele ya wanafunzi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka mafundi wa kesho, tuwape skrubu mikononi leo.