Mseto wa muziki Pwani si uigaji

Kuna kauli iliyorudiwa mara nyingi mno katika mijadala ya sanaa hapa Pwani, hata imekaribia kuwa kanuni. Mwanamuziki wetu akitia lahani ya Kihindi katika wimbo wa Kiswahili, huambiwa kwamba ameiga. Mzungu akiitia lahani hiyo hiyo katika jazi, husifiwa kwamba amebuni. Kauli hii haina mashiko, na madhara yake yanaonekana wazi katika Kwale, kuanzia kumbi za hoteli za Diani hadi viwanja vya harusi vya Msambweni.

Tuanze na hao wanaosifiwa, maana sifa zao ni za haki. Katika miaka ya 1960, mpiga saksafoni Joe Harriott, mzaliwa wa Jamaika, na mtunzi John Mayer, mzaliwa wa Calcutta, waliwakutanisha wanajazi na wapigaji sitari na tabla mjini London. Muongo uliofuata, mpiga gita Mwingereza John McLaughlin aliunda kundi la Shakti pamoja na Zakir Hussain wa tabla, L. Shankar wa fidla, na T. H. Vinayakram, ambaye ala yake ni mtungi wa udongo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Shakti ilitunukiwa tuzo ya Grammy, na Desemba mwaka huo huo Zakir Hussain akafariki dunia.

Ni kipi hasa kilichowapa hadhi? Hawakuzibandika ala za kigeni juu ya muziki wao kama pambo. Walijifunza sarufi ya wenzao. Raga si ngazi ya sauti tu, bali ni adabu ya kuipanda na kuishuka ngazi hiyo. Na ndani ya adabu hiyo mpigaji hutunga papo kwa papo, kama afanyavyo mwanajazi. Waliokutana walikuwa watu wenye ujuzi unaofanana, kila mmoja akiwa na desturi yake.

Sasa tugeukie nyumbani. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, ambazo ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za Kiswahili. Tabla na kile kinanda cha mivukuto vimekaa katika taarab ya Mombasa kwa miaka mingi. Tashkota nayo ilibuniwa Japani mwaka 1912, ikapata makao India, kisha ikawa kipenzi cha wasikilizaji wetu, kama zinavyoshuhudia nyimbo za Zuhura Swaleh. Hata sahani za santuri za Mzuri, zilizoisambaza taarab ya Mombasa, zilitolewa na duka la Wahindi la Assanand.

Katika safari hiyo, jina linalotajwa kwanza ni la marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Yeye alizichukua lahani za filamu za Kihindi akaziimbia Kiswahili. Wapo wanaosema kwamba muziki wa filamu si muziki wa kale wa Kihindi. Ni kweli, lakini filamu ndiyo iliyoubeba. Naushad, alipotunga muziki wa filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, alizijenga nyimbo zake nyingi juu ya raga, na kwa mlango huo raga ikaingia katika majumba ya sinema ya Mombasa.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani inapokuwa na nguvu: Bhalo, wanasema, alichukua lahani nzima nzima. Sikatai. Lakini neno ‘kitabu’ nalo tulilichukua zima kutoka kwa Waarabu. Tulipolifikisha kinywani tukaifanya ‘ki’ yake kuwa kiambishi, tukasema ‘vitabu’, jambo ambalo Mwarabu hakulikusudia. ‘Gari’ tulilitoa kwa Wahindi, na leo tuna magari na vigari. Suali la maana kwa mwanaisimu si neno limetoka wapi, bali linatii sarufi ya nani.

Tukilipima jambo la Bhalo kwa kipimo hicho, jibu ni dhahiri. Maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mshairi wa Malenga wa Mvita, kwa vina na mizani isiyolegea. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane kwa nane. Tintali, mzunguko maarufu wa mapigo katika muziki wa kaskazini mwa India, nao una mapigo 16. Sisemi kwamba mmoja umemzaa mwenziwe. Nasema kwamba lahani ya kigeni iliwakuta wenyeji wana nyumba yenye vyumba vilivyokwisha kupimwa, ikalazimika kukaa kwa vipimo vyao.

Kwale ina hazina kubwa zaidi ya hiyo. Katika sengenya ya Wadigo, nzumari ndiyo inayoongoza juu ya ngoma. Nzumari ni ndugu wa shehnai, ala iliyopandishwa na Bismillah Khan hadi kwenye majukwaa makuu ya muziki wa kale wa Kihindi. Bango nayo, muziki wa Pwani unaohusishwa na Mzee Joseph Ngala, husimama juu ya saksafoni, ala ya jazi. Nzumari, shehnai na saksafoni zote hulia kwa tete. Kinachokosekana Kwale ili mseto wa kweli uzaliwe si ala wala wapigaji. Ni nafasi.

Hoteli nyingi huipa sengenya dakika chache kando ya bwawa la kuogelea, kati ya chakula cha usiku na mchezo wa sarakasi, kisha bendi ikaombwa nyimbo za kuwaamkia wageni. ‘Jambo Bwana’ ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, ni wimbo mzuri na haustahili lawama. La kulaumiwa ni kuufanya dari ambayo hapana mwanamuziki anayeruhusiwa kuipita.

Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni. Kwale na iwaajiri wapuliza nzumari wawafundishe vijana kabla pumzi hazijawaishia. Wenye hoteli nao watenge usiku mmoja kwa juma kwa kundi moja la wenyeji, walilipe na kwa siku za mazoezi, maana Shakti haikuzaliwa katika dakika kumi za bwawani. Na vijana wenyewe wajue kwamba kubonyeza kinanda cha umeme kitoe mlio wa tabla si kujifunza tabla.

Kiswahili kina jina zuri kwa muziki huu: mseto. Mpwani aupikaye mseto huchagua pojo, huchagua mchele, na hujua kipi kitangulie motoni. Akivitia pamoja bila kujua, hupata uji. Tuwape wapishi wetu jiko na muda, kisha ndipo tuwahukumu.