Wa Kwanza kwenye Simu ya Nani?



Siku moja alinijia jirani yangu mmoja, uso umemkunjamana. Bwana huyu ana gesti ya vyumba sita kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha mabasi. Si nyumba ya fahari, lakini ni safi. Mashuka hufuliwa, maji ya moto hayakosekani, na karo ya watoto wake hutoka humo.

“Mwenzangu,” akasema, “nimeibiwa mchana kweupe, wala sijui nimeibiwaje.”

Nikampa kiti, mama watoto akaleta chai, naye akaanza kusimulia.

Miezi minne iliyopita alijiwa na kijana wa mjini, nguo safi na maneno matamu. “Mzee,” kijana akamwambia, “siku hizi msafiri haulizi watu njiani, huuliza simu yake. Nipe shilingi laki tatu, nami nitaifanya nyumba yako iwe ya kwanza kwenye Google.” Jirani yangu akauza mbuzi watatu. Baada ya majuma mawili kijana akarudi. “Haya mzee, toa simu yako, andika ‘nyumba ya wageni’.” Akaandika. Naam, jina la nyumba yake likatokea juu kabisa! Wakapeana mikono, na fedha ikatoka.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, mzee huandika maneno yale yale, akaona jina lake juu, akafurahi. Lakini wageni hawakuongezeka hata mmoja. Akampigia simu binti yake anayefanya kazi Mwanza: “Mwanangu, hebu andika ‘nyumba ya wageni’ uone.” Binti akaandika. “Baba, naona nyumba za hapa Mwanza tu. Ya kwetu simo ninapoiona.” Mzee akahamaki: “Basi wewe hujui kutafuta!” Binti akanyamaza kwa heshima. Mpaka siku aliponijia mimi, ilikuwa siku ya tano hawajasemezana.

Je, nani alikosea? Baba? Binti? Simu? Wasomaji wangu, twende polepole.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin. Kazi yake yafanana na faharisi ya nyuma ya kitabu. Programu zake hupita ukurasa kwa ukurasa katika intaneti, huyasoma maneno na kuyaweka katika orodha kubwa. Wewe ukiuliza neno, hukuletea kurasa zinazolihusu, zimepangwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo mwanzo watu wawili wakiuliza neno moja kwa wakati mmoja, kwa kawaida walipata orodha moja. Hapo mtu aliweza kusema, “Mimi ni wa kwanza,” akaeleweka.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 2005 Google ilianza kuwapangia majibu watu wenye akaunti kwa kufuata yale waliyoyatafuta zamani. Desemba 2009 ikafanya hivyo hata kwa wasio na akaunti. Wenyewe walitoa mfano wa mapishi: mtu akizoea kufungua mapishi ya ukurasa fulani, ukurasa huo waweza kupandishwa juu kwake yeye. Na tangu Oktoba 2017, majibu hufuata mahali mtafutaji alipo, hata kama ameandika anwani ya Google ya nchi nyingine.

Mmarekani mmoja, Eli Pariser, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2011. Alieleza jinsi rafiki zake wawili walivyotafuta jina moja, BP, yaani kampuni ya mafuta, mwaka 2010 mafuta yake yalipokuwa yanamwagika katika Ghuba ya Meksiko. Mmoja aliletewa habari za kuweka fedha katika kampuni hiyo. Mwingine aliletewa habari za mafuta kumwagika. Neno moja, watu wawili, majibu mawili.

Tusitie chumvi, lakini. Mwaka 2018 Google yenyewe ilisema kwamba kumpangia mtu majibu kwa tabia zake hufanyika kidogo tu, na kwamba kikubwa ni mahali alipo na lile alilotoka kulitafuta punde hivi. Kwa mwenye gesti, hilo la mahali ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa mwaona! Mzee wetu hukaa ndani ya nyumba yake, hushika simu yake, huuliza nyumba ya wageni. Nyumba iliyo karibu naye kuliko zote ni ipi? Ni ile aliyokalia. Tena huifungua kila siku kabla ya chai! Ni kama mtu asimamaye mlangoni pake akauliza, “Nyumba ya karibu iko wapi?” Binti naye yuko Mwanza, akaonyeshwa nyumba za Mwanza. Simu zote mbili zilijibu sawasawa. Aliyekosa ni yule kijana, maana aliuza kitu ambacho hakuna awezaye kukiuza. Google yenyewe yasema wazi kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba kwenye orodha ya ramani nafasi hainunuliwi kwa fedha. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hutiwa alama kuwa ni matangazo.

Nikamwambia jirani, “Mwite binti yako.” Akasita. Nikasema, “Mwite.” Akampigia. Binti, pasipo neno la lawama, akaeleza aliyoyaona baada ya kuichunguza kazi ya yule kijana. Katika ukurasa wake kijana aliandika “hoteli bora Tanzania” mara nyingi, bila kukitaja hata mara moja kituo chetu cha mabasi. Nani anayeshuka basi saa tatu usiku, ana mtoto mgongoni, akaandika “hoteli bora Tanzania”? Msafiri huandika “gesti” na jina la mji. Tena kwenye ramani nyumba ilikuwepo, lakini bila namba ya simu wala picha hata moja.

Basi haya ndiyo waliyoyafanya baba na binti, nami nayaandika kwa ajili ya kila mmoja wenu mwenye duka, kinu, cherehani au mizinga ya asali.

Kwanza, walijaza Wasifu wa Biashara wa Google, ambao hautozwi hata senti. Waliandika jina lile lile lililo juu ya mlango, bila kuongeza sifa, pamoja na namba ya simu inayopokelewa. Picha walipiga za vyumba vyenyewe, na choo pia, maana mgeni hutaka kukijua choo.

Pili, waliandika kwa maneno ya msafiri, si kwa maneno ya mwenye nyumba: gesti, kituo cha mabasi, jina la mji, bei ya chumba, mahali pa kuegesha lori. Google yasema hupanga majibu ya mahali kwa mambo matatu: kufaa, umbali, na kujulikana. Umbali huwezi kuubadili, nyumba haihami. Lakini msafiri aliye mbali akitaja jina la mji wako, umbali huhesabiwa kutoka mji huo, si kutoka alipo yeye. Ndiyo maana jina la mahali lisikosekane.

Tatu, kujulikana. Wanawaomba wageni waseme kweli kuhusu nyumba, nao hujibu malalamiko kwa adabu. Kununua sifa za uongo kumekatazwa, na Google ikizigundua huziondoa. Mgeni mmoja aliandika kuwa neti ya chumba cha nne imetoboka. Mzee alitaka kukasirika tena. Binti akamwambia, “Baba, nunua neti, kisha mjibu kwamba umenunua.” Akanunua, akajibu.

Nne, na hili ndilo kubwa, waliacha kuuliza, “Tuko wa ngapi?” Hakuna jibu moja la swali hilo. Kila mtafutaji ana orodha yake. Hata chombo cha bure ambacho Google huwapa wenye tovuti, kiitwacho Search Console, hutoa wastani wa nafasi, maana ukurasa mmoja waweza kuwa wa pili kwa huyu na wa ishirini kwa yule. Ukitaka kupima, waombe ndugu walio miji mbalimbali watafute kila mtu kwa maneno yake mwenyewe. Kufungua dirisha la siri katika simu yako hakutoshi, kwa sababu mahali ulipo bado hujulikana.

Lakini kipimo kilicho bora kuliko hivyo ni daftari la shilingi chache mezani. Kila mgeni huulizwa, “Umetujuaje?” na jibu huandikwa. Majuma mawili ya kwanza daftari lilikuwa na majibu ya zamani tu: konda, dereva wa bodaboda, ndugu. Juma la tatu akashuka mama mmoja kutoka Dodoma, mtoto amelala begani. Akasema, “Nilipokuwa ndani ya basi niliandika gesti na jina la mji wenu. Niliona picha, nikapiga simu, mkapokea.” Baada yake wamekuja wengine wawili. Si wengi. Mbuzi watatu hawajarudi bado.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema nacho hakina budi kutajwa jina lake na mahali kilipo, kwa maneno ayajuayo mwenye kukihitaji. Anayekuahidi kwamba utakuwa wa kwanza kwa watu wote, mwulize swali moja tu: wa kwanza kwenye simu ya nani? Akikuonyesha simu yako mwenyewe, mbuzi wako wabaki zizini.

Usiku ule alipokuja yule mama wa Dodoma, jirani yangu alimpigia binti yake. Mimi nilikuwapo. Hakumweleza habari ya mgeni kwanza. Alisema, “Mwanangu, siku ile ulikuwa unajua kutafuta.”