MWENYE HATI NDIYE MWENYE MALI



Mkulima wa pamba wa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika Mkoa wa Simiyu, hulima, hupalilia, huchuma, kisha hubeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia. Hapo hupimiwa, huambiwa kama pamba yake ni safi au ni fifi, hupewa stakabadhi, akarudi kwake. Tangu dakika hiyo pamba yake huanza kugeuka makaratasi, na makaratasi hayo yeye hayaoni.

Natuyatazame. Kiwandani, kilo 3 za pamba hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi; sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kutoa mashudu. Nyuzi hufungwa marobota, hupangiwa daraja, husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandari ya Dar es Salaam. Huko hutakiwa ankara, orodha ya marobota na uzito wake, cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea na tamko la forodha. Juu ya zote iko hati ya shehena, itolewayo na wenye meli. Hati hii si risiti tu: aishikaye ndiye mwenye haki ya kuidai shehena huko iendako. Na benki hailipi kwa kufungua marobota. Kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara zilizoanza kutumika 2007 zasema wazi kwamba benki hushughulika na hati, wala si bidhaa.

Basi fahamuni: biashara ya ng'ambo ni biashara ya hati. Asiyezijua, hata akilima ekari mia, ni kibarua katika mali yake mwenyewe.

Watu wa Ziwa walianza kuamka mapema. Walipochoka kupunjwa katika mizani ya wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ulikuwa ushindi mkubwa, walakini ulikuwa ushindi wa mizani. Uuzaji wa nyuzi ulibaki mikononi mwa bodi. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na hata kile kidogo kilichoshikwa kikaponyoka.

Wako watakaouliza: sisi watu wa visiwani, Nassa yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1927 iliundwa hapa kwetu Clove Growers' Association. Sheria za 1937 zilipoipa madaraka juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India nayo ikaisusia karafuu yetu mpaka mapatano ya 1938. Wakubwa waligombania nini? Waligombania jina la nani liandikwe katika hati za kuitoa karafuu nje. Jina la mchumaji wa Pemba halikuwamo katika ugomvi ule. Mwaka 1968 likaja Shirika la Biashara la Taifa. Mwenye hati akabadilika. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuiona ankara ya karafuu yake?

Tutajibiwa kwamba hati ni mambo ya wataalamu. Ajabu! Mkulima akikopeshwa mbegu na dawa, hutakiwa aielewe karatasi na kuitia saini. Mali yake ikiuzwa, ghafla huwa hajui kusoma.

Hatuzipingi hati. Shehena isiyo na cheti cha afya ya mimea yaweza kukataliwa bandarini, na hasara hiyo mwishowe humrudia mkulima. Tunalolipinga ni hati kufichwa. Kwa hiyo twadai, kwa pamba ya Nassa na kwa karafuu ya Unguja na Pemba:

Kwanza, kila kituo cha kununulia kibandike bei iliyouziwa mzigo melini, na chini yake kila makato, kwa shilingi na kwa kilo: uchambuzi, usafiri, ushuru na ada za vyeti.

Pili, kila chama cha msingi kipewe nakala ya ankara na ya hati ya shehena baada ya mauzo.

Tatu, kila cheti kiwekewe ada na siku maalumu. Afisa akichelewesha, gharama ya ghala iwe juu ya ofisi yake, isikatwe katika jasho la mkulima.

Kila tawi na lilijadili jambo hili, na kila mwanachama alipeleke kwa diwani na mwakilishi wake. Wahenga walisema mchumia juani hula kivulini. Leo mmoja huchuma juani, na mwingine hula kivulini. Na kivuli chenyewe ni cha karatasi. Haki hii haitaletwa majumbani mwetu. Tuidai!