Klachi ikikusaliti, usikimbilie kununua pleti

UMEWAHI kusimama kwenye taa nyekundu, mkono wa klachi umeukamata barabara, kisha pikipiki ikaanza kujisogeza yenyewe kama ng'ombe aliyeona majani? Mimi yalinipata. Ilikuwa Jumapili asubuhi, barabara ya Ngong jijini Nairobi. Nilikuwa nimembeba dada yangu mdogo, na mbele yetu mama mmoja alikuwa akivuka na mtoto. Nilikanyaga breki, injini ikazima, tukasimama hatua chache tu kutoka kwao. Hakuna aliyeumia, lakini roho ilikuwa mkononi.

Fundi wa kwanza aliitazama kidogo tu, akaniambia pleti za klachi zimekwisha na nijiandae na pesa nyingi. Wa pili, mzee mwenye mvi, alifungua kifuniko cha kikopo kilichoko kwenye usukani, akachungulia.

"Kijana wangu, mafuta haya yamekuwa kama kahawa. Uliyabadilisha lini?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi tuanzie hapo kabla hujauza shamba."

Mpenzi msomaji, pikipiki nyingi za bodaboda hutumia kebo kuvuta klachi. Lakini nyingi kati ya zile kubwa hutumia mafuta. Ukivuta mkono, pistoni ndogo iliyo juu kwenye usukani husukuma mafuta ndani ya mpira hadi silinda ya chini, karibu na injini, nayo huziachanisha pleti. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Hewa ikiingia, nguvu ya mkono wako huishia kuibonyeza hewa hiyo, na pleti hazisogei.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, jiulize: je, klachi yangu haiachii, au haishiki? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Isiyoachia

Dalili zake ni hizi: mkono ni mlegevu, gia huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani, na pikipiki husogea ingawa umeshika klachi. Hapa mara nyingi kosa ni hewa, mafuta machache au kuukuu, au mpira wa pistoni unaovuja. Pleti zilizolika haziwezi kuleta dalili hizi. Zilizopinda zinaweza, lakini anza na mafuta kwa kuwa ni rahisi.

Kwanza soma maandishi ya kifuniko. Nyingi hutaka DOT 4, yaani mafuta ya breki. Lakini baadhi ya KTM zenye klachi ya Magura hutaka mafuta maalumu ya madini. Ukichanganya, mipira ya ndani itavimba na kuharibika. DOT 5 nayo ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 4. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa, maana DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Funika tangi kwa kitambaa, kwani mafuta haya hula rangi. Vaa glavu na ulinde macho. Jaza kikopo, kisha chomeka kimpira cheupe kwenye kinati cha kutolea hewa kilicho silinda ya chini, ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Vuta mkono polepole mara kadhaa, uushikilie. Legeza kinati, mafuta na hewa vitoke, kaza kinati, ndipo uuachilie mkono. Rudia hadi mapovu yaishe. Usiache kikopo kikauke, la sivyo utaanza upya.

Ulegevu ukirudi baada ya siku chache, pengine kuna uvujaji. Tazama chini ya mkono wa klachi na kuzunguka silinda ya chini. Penye unyevu, mpira umechoka, badilisha. Na silinda ya chini ikiwa imefunguliwa, usivute mkono, kwani pistoni itachomoka.

Isiyoshika

Hapa injini hupiga kelele lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani. Pleti huenda zimekwisha kweli. Hata hivyo, chunguza kwanza kama kikopo kimejazwa kupita kiasi, au kama kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kimeziba kwa uchafu. Mafuta yakikosa njia ya kurudi, ni kana kwamba umeshika klachi kidogo wakati wote. Kumbuka pia oili ya injini. Pikipiki nyingi huosha klachi kwa oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA.

Yangu ilipona kwa chupa moja ya mafuta na saa moja ya subira. Zile pleti alizozilaani fundi wa kwanza ndizo ninazotumia hadi leo.

Wewe mzazi uliyemnunulia mwanao pikipiki kuukuu aendee chuoni, leo mwambie afungue kile kikopo. Akikuta kahawa, asiiwashe kwanza. Kuna mama anayevuka na mtoto mahali fulani.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.